Windows 10 inapogoma kusasishwa kwenye laptopu ya zamani: fuata dalili kabla ya kupiga Windows upya

Kila wiki huletewa mashine za sura moja. Laptopu ya mtumba ya mwaka 2012 hadi 2016, RAM GB 4, diski ya kuzunguka, na Windows 10 iliyopigwa na mtu ambaye mwenye mashine hamkumbuki hata jina. Ombi nalo halibadiliki: "Fundi, update zinagoma, nipigie tu Windows upya."

Mara nyingi hakuna haja. Saa imerudi nyuma, diski imejaa video za WhatsApp, bando limekata katikati. Ni mambo ya nusu saa. Ziko pia mara ambazo kupiga Windows upya ndiko kunakoiua mashine, kwa sababu diski ilikuwa mahututi tangu mwanzo na kugoma kwa update ndiyo ilikuwa dalili yake ya kwanza. Unamchukua mgonjwa unambebesha gunia.

Kwa hiyo tutakwenda kwa dalili unayoiona kwenye skrini. Chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayokutana nayo zaidi, na ukaguzi mwepesi umetangulia ule mzito. Ukifika penye onyo la kuacha, acha kweli.

Kabla hujagusa kitu

Nakili faili zako muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Fanya leo, kabla ya hatua yoyote iliyo hapa chini.

Chomeka chaja. Laptopu ambayo betri yake hudumu dakika tano ni sawa na kompyuta ya mezani: umeme ukikatika, nayo imezimika. Ikizimika wakati inapakua hakuna neno, itaendelea ilipoishia. Ikizimika skrini ikiwa imeandika "Working on updates", hapo ndipo kilio kinapoanzia. Kama mtaani kwenu umeme hukatika kila jioni, fanya kazi hii asubuhi.

Kisha tafuta namba ya kosa. Fungua Settings, ingia Update & Security, halafu Windows Update, halafu "View update history". Kila sasisho lililoshindwa lina namba ya KB, yaani namba ya utambulisho ya sasisho hilo, na ukibofya "Failed" utaona namba inayoanza na 0x. Ipige picha kwa simu. Sisemi hivi kwa kupenda makaratasi: baadhi ya hatua za mbele zinafuta orodha hiyo, na bila namba utabaki unabahatisha.

Bonyeza kitufe cha Windows, andika winver, bonyeza Enter. Ikisema 22H2, uko kwenye toleo la mwisho la Windows 10. Ikisema 2004, 20H2, 21H1 au 21H2, kifurushi cha kukuvusha hadi 22H2 ni kidogo. Ikisema 1909 au chini ya hapo, unahitaji kupandisha toleo zima, kazi ya GB kadhaa, na mambo yanayoweza kwenda mrama ni mengi zaidi.

Inapakua bila kuisha, au imekaa 0%

Sababu ya kwanza ni intaneti yenyewe, na hasa namna Windows inavyoitazama. Ukitumia simu kama hotspot, mara nyingi muunganisho huwa umewekwa alama ya "metered", yaani wa kulipia kwa kipimo, na Windows hujizuia kupakua vitu vizito ili isikumalizie bando. Bofya jina la Wi-Fi yako kwenye Settings, ingia Properties, uangalie "Metered connection". Ukiizima, uwe na bando la kutosha: sasisho moja la mwezi la Windows 10 huweza kula MB 700, na kupandisha toleo zima hula GB kadhaa. Bando la GB 1 la usiku halitafika.

Kwenye ofisi au shule yenye mashine nyingi kuna njia ya kubana matumizi ambayo watu wengi hawaijui. Ndani ya Windows Update ingia "Delivery Optimization", ruhusu kupokea kutoka kompyuta nyingine, na chagua zile za mtandao wa ndani tu. Mashine moja ikishapakua, nyingine zinaweza kuchota kwake bila kurudi tena intaneti.

Kosa likiwa 0x80072EE2, seva (kompyuta ya Microsoft inayotoa masasisho) haikujibu kwa wakati; 0x80072EE7 maana yake kompyuta imeshindwa kuitafuta seva kwa jina. Zima ruta uiwashe, jaribu mtandao wa simu nyingine, zima VPN. Hapo huwa pameisha.

Sababu ya pili ni saa, na hii niikalie kidogo, kwa sababu imewafanya watu wengi wapige Windows bure.

Mwalimu mmoja wa sekondari alikuja na laptopu iliyokwisha kupigwa Windows mara mbili kwa mafundi wawili tofauti. Nikamwamkia, akaitikia, akaiweka mezani. "Kijana wangu, hii imenishinda. Nikitoka kwa fundi inakwenda siku mbili, ya tatu inagoma. Na Google nayo inaniambia tovuti si salama." Niliiwasha nikatazama kona ya chini kulia. Ilikuwa inaamini kwamba tuko Januari 2012.

Kila mawasiliano salama kati ya kompyuta na seva hutegemea cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kompyuta inayodhani tuko 2012 inakitazama cheti cha leo inaona bado hakijaanza kutumika, inakikataa. Kosa lake kwa kawaida ni 0x80072F8F. Fundi anaporekebisha saa dukani kila kitu kinakwenda. Mwenye mashine anairudisha nyumbani, anaichomoa kwenye chaja, betri kuu iliyochoka inaisha kabisa, na saa inarudi ilikotoka, kwa sababu betri ndogo ya ndani ya kutunza saa imekufa.

Ukaguzi wake ni huu: rekebisha saa na tarehe, hakikisha ukanda wa saa ni sahihi (Nairobi, UTC+03:00), zima, chomoa chaja, toa betri kuu kama inatoka, subiri saa moja, washa. Saa ikiwa imerudi nyuma, ni betri ndogo. Kwenye kompyuta ya mezani ni kidonge cha CR2032 cha volti 3, unakichomoa kwa kucha. Kwenye laptopu nyingi ni kidonge hicho hicho kilichofungwa plastiki na waya mbili zenye plagi, na wakati mwingine kiko chini ya kibodi. Kama hujawahi kufungua laptopu, mpe fundi. Ni kazi ndogo na betri yenyewe ni ya bei rahisi. Ya mwalimu nilimaliza kabla chai haijapoa.

Sababu ya tatu ni folda ya masasisho kuvurugika. Tiba yake iko mbele, kwenye dalili ya "Undoing changes".

Inasema hakuna nafasi: 0x80070070

Namba hii haina fumbo, diski imejaa. Kwa sasisho la kila mwezi mimi napenda kuona GB 10 wazi kwenye diski C, na kwa kupandisha toleo GB 20 au zaidi.

Anza na vile ulivyovijaza mwenyewe: Downloads, Videos, Desktop. Watu husahau kwamba Desktop nayo iko ndani ya C. Hamishia diski ya nje, kisha umwage kapu la taka.

Baada ya hapo tafuta "Disk Cleanup", chagua C, bonyeza "Clean up system files". Hapo utakuta "Windows Update Cleanup" na pengine "Previous Windows installation(s)", na hivi viwili peke yake huweza kuachia GB nyingi. Soma orodha kabla ya kuweka tiki. Kwenye baadhi ya matoleo ya Windows 10 folda ya Downloads imo humo humo kati ya vya kufutwa, na nimeshaona mtu akifuta risiti za ada za watoto wake kwa tiki moja.

Kama bado haitoshi, zima faili la kulaza kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd (dirisha la kuandikia amri), bofya kulia, chagua "Run as administrator", kisha:

powercfg /h off

Kwenye mashine ya RAM GB 4 hilo linarudisha zaidi ya GB 1. Utapoteza uwezo wa kuilaza kompyuta kwa "Hibernate", ambao wengi hawautumii.

Zile laptopu ndogo za hifadhi ya GB 32 iliyogandishwa kwenye bodi ni kesi ya pekee. Hata ukifuta kila kitu, toleo jipya halienei kirahisi. Windows ikikuomba diski ya nje yenye nafasi, chomeka flashi tupu ya GB 16 au zaidi uiache hapo mpaka kazi iishe. Nikisema kweli, mashine hizi sizipendi na siwashauri watu wazinunue kwa bei yoyote.

Kuna "hakuna nafasi" mbili zinazojificha, C ikionekana ina nafasi tele.

Moja ni 0x800F0922 au ujumbe kwamba "system reserved partition" haikuweza kusasishwa. Patisheni hiyo, yaani kipande kidogo cha diski kilichofichwa, mara nyingi ni ya MB 100 tu kwenye mashine zilizoanzia Windows 7. Kuipanua kunahitaji kusogeza mipaka ya diski. Acha hapa kama hujawahi kufanya kazi hiyo. Umeme ukikatika katikati, unaweza kupoteza diski nzima.

Nyingine ni 0x80070643 ikiambatana na KB5034441 ya Januari 2024. Sasisho hilo linahitaji MB 250 wazi ndani ya patisheni ya uokoaji, na mashine nyingi hazina. Watu wamehangaika nalo wiki nzima. Ikiwa masasisho mengine yote yanaingia na hili peke yake linagoma, na hutumii BitLocker (kufuli ya Windows inayofunga diski kwa ufunguo), mimi ningeliacha liendelee kugoma; shimo linaloliziba ni la mtu aliyeshika mashine yako mkononi na kupita mlango wa uokoaji ili kuukwepa ulinzi wa BitLocker.

Inafika asilimia fulani, halafu "Undoing changes made to your computer"

Hii ndiyo dalili inayoletwa zaidi na ndiyo yenye sababu nyingi, basi twende ngazi kwa ngazi. Baada ya kila ngazi jaribu tena kusasisha. Usizirundike zote kwa pamoja, hutajua ipi imeponya.

Kwanza chomoa kila kitu kisichohitajika: printa, modemu, flashi, kadi ya SD, diski ya nje. Zima kwa "Restart", si "Shut down", maana kwenye Windows 10 "Shut down" ya kawaida haisafishi kila kitu. Hii ngazi inadharauliwa na inaponya wengi.

Pili, ondoa antivairasi za nyongeza. Nimewahi kukuta tatu kwenye laptopu moja, kila moja ikiwazuia wenzake wasiguse mafaili. Ondoa kabisa, si kuzima tu. Defender ya Windows itashika zamu yenyewe.

Tatu, anzisha upya folda ya masasisho. Fungua cmd kama administrator, andika mstari mmoja mmoja:

net stop wuauserv
net stop bits
net stop cryptsvc
ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
ren C:\Windows\System32\catroot2 catroot2.old
net start cryptsvc
net start bits
net start wuauserv

Mstari wa "ren" ukijibu "Access is denied", huduma mojawapo imejiwasha tena. Rudia kuzisimamisha kisha ujaribu haraka. Hatua hii ndiyo inayofuta historia ya masasisho, ndiyo maana nilisema upige picha mapema. Haigusi faili zako. Masasisho yakishaingia, folda mbili za ".old" unaweza kuzifuta.

Nne, rekebisha mafaili ya Windows yenyewe. Hii ni tiba ya makosa kama 0x80073712 na 0x800F081F:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
sfc /scannow

DISM huchota mafaili mazima kutoka intaneti, kwa hiyo bando liwepo. Itafika 62.3% na kukaa hapo kana kwamba imelala. Kwenye diski ya kuzunguka nimeiona ikikaa hapo dakika 40 ikaamka ikamaliza. Usiifunge. Nenda kanywe maji. Ikimaliza, sfc nayo ipite, ikisema imekuta na kurekebisha mafaili, iendeshe mara ya pili.

Tano, lichukue sasisho kwa mkono. Ingia Microsoft Update Catalog, andika ile namba ya KB uliyoipiga picha, pakua linalolingana na mashine yako (x64 kwa Windows ya biti 64, x86 kwa biti 32), kisha ulibofye mara mbili. Faida kubwa ya njia hii ni kwamba unaweza kulipakua kwenye intaneti ya rafiki au kazini ukalileta kwenye flashi.

Sita, kama namba inaanza na 0xC1900101 na ulikuwa unapandisha toleo, mshukiwa ni draiva, programu ndogo inayoiwezesha Windows kuendesha kifaa fulani. Kwenye laptopu za umri huu huwa ni ya picha, ya Wi-Fi au ya sauti. Nenda tovuti ya mtengenezaji, ingiza modeli, chukua draiva yao ya mwisho hata kama ni ya 2016. Usichukue zile programu zinazojitangaza kwamba zinatafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja; nyingi zinakuja na takataka zake.

Saba, Windows juu ya Windows. Pakua Media Creation Tool ya Windows 10 kutoka kwa Microsoft, tengeneza ISO (faili moja lenye Windows nzima) au flashi ya GB 8, fungua setup.exe ukiwa ndani ya Windows hiyo hiyo, na uchague kubakiza faili na programu. Lugha na aina ya Windows, Home au Pro, zisipolingana, chaguo la kubakiza programu halibonyezeki. Simama hapo kwanza, usiendelee. Hatua hii inajenga upya mafaili yote ya mfumo bila kugusa nyaraka zako. Ni "kupiga Windows upya" isiyofuta, na nashangaa kwa nini si mazoea.

Kama zote saba zimeshindwa, usirudi mwanzo. Nenda dalili inayofuata, kwa sababu sasa tunaishuku diski.

Imeganda kwenye asilimia, au haiwaki tena baada ya update

Swali la kwanza: imeganda kweli, au ni mzee anayepanda ngazi? Diski ya mizunguko 5,400 kwa dakika na RAM GB 4 huweza kutumia saa tatu, nne, kwenye kazi ambayo SSD (diski isiyozunguka, yenye kasi zaidi) huimaliza ndani ya dakika 20. Tazama taa ya diski. Ikimetameta, iache, hata ilale usiku mzima kwenye chaja. Weka sikio karibu na sehemu ya kuwekea kiganja: diski inayofanya kazi hutoa mkwaruzo mwembamba usio na mpangilio.

Taa imezimika au imekaa palepale bila kumetameta, kimya, na asilimia haijasogea kwa saa tatu au zaidi: sasa bonyeza kitufe cha kuwashia mpaka izime. Iwashe. Mara nyingi itarudisha mabadiliko yenyewe na kuwaka.

Ikizunguka bila kufika popote, izime hivyo hivyo katikati ya kuwaka mara mbili au tatu. Windows itakupeleka kwenye skrini ya uokoaji. Ingia Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates, na uchague "Uninstall latest quality update". Hiyo ikishindwa, fungua Command Prompt iliyo humo humo. Kwanza andika dir C:\ uhakikishe unaiona folda ya Windows, maana kwenye skrini hii herufi za diski huweza kubadilika. Kisha:

dism /image:C:\ /cleanup-image /revertpendingactions

Inafuta kazi zilizokwama nusu. Ni dawa kali, usiitumie kwenye Windows inayowaka.

Ikidai ufunguo wa BitLocker wa tarakimu 48, ingia kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuifungua laptopu hiyo kwa mara ya kwanza. Mara nyingi ufunguo umehifadhiwa huko. Bila ufunguo huo, usifute chochote na usikubali mtu "aibomoe". Hakuna fundi anayeupita mlango huo, na anayesema anaweza anakwenda kukufutia diski.

Mashine ikiwaka, pima diski kabla ya jaribio lingine lolote. CrystalDiskInfo ni ya bure na hukupa neno moja: Good, Caution au Bad. Mistari ya kutazama ni 05, C5 na C6. Hiyo ndiyo inayohesabu sehemu za diski zilizokwisha kuharibika au zinazogoma kusomeka. Ikiwa na namba na inaongezeka, umeshapata jibu la update zako zote zilizogoma.

Hapa ndipo pa kuacha. Diski ikitoa sauti ya tak-tak yenye mapigo sawasawa, au ikisema Caution, usiendeshe chkdsk /r, usipige Windows, usijaribu tena update. chkdsk /r hupitia kila kona ya diski, na diski mahututi huweza kukatia roho hapo hapo. Nakili nyaraka na picha ukiweza, zima, peleka kwa fundi. Kuihamishia laptopu kwenye SSD ya GB 240 ndiyo pesa bora kuliko zote utakazoitumia, na mashine ya 2013 utadhani imezaliwa upya.

Kama diski ni nzima na bado inaganda, kuna joto. Gusa sehemu ya kutolea hewa: feni ikilia kwa nguvu na hewa ikitoka kidogo, kuna blanketi la vumbi ndani. Mashine hujizima yenyewe ikipata moto, na update ni kazi inayoipasha moto kweli. La mwisho ni RAM: andika mdsched, ikubalie iwashe upya ijipime.

Windows Update imezimwa, haifunguki, au inasema inasimamiwa na shirika lako

"Some settings are managed by your organization," na laptopu ni ya muuza mitumba asiye na shirika lolote. Kosa lake kwa kawaida ni 0x80070422, yaani huduma imezimwa.

Aliyeizima mara nyingi ni yule aliyepiga Windows. Kuna wanaozima makusudi ili mteja asilalamikie bando. Kuna programu za kuamsha Windows bila leseni zinazozuia seva za Microsoft. Na kuna Windows zilizochongwa, zenye majina ya "Lite" na kadhalika, ambazo huduma ya masasisho imekatwa kabisa.

Fungua services.msc, tafuta "Windows Update", ingia Properties, weka "Manual", bonyeza Start. Kisha fungua kwa Notepad faili la hosts (orodha ya majina ya tovuti inayoweza kutumika kuzizuia) lililo C:\Windows\System32\drivers\etc na utazame kama kuna mistari yenye jina la microsoft isiyoanza na alama ya #. Ifute. Ikiwa huduma haimo kabisa kwenye orodha, au unaiwasha na inajizima kila baada ya dakika, umepewa Windows iliyochongwa, na hapa ndipo mahali pekee kwenye mwongozo huu ninapokwambia bila kusita: nakili faili zako, piga Windows safi kutoka kwa Microsoft. Laptopu nyingi za mtumba zilizotoka kiwandani na Windows 10 zina leseni yake ndani ya BIOS (programu ya kwenye bodi inayoiwasha mashine), kwa hiyo huenda hata kununua usihitaji.

Hakuna kosa, lakini masasisho hayaji tena

Tangu 14 Oktoba 2025 Windows 10 haipewi masasisho ya usalama ya bure kama zamani. Mashine yako haijaharibika. Kwa watu binafsi kuna mpango wa nyongeza hadi 13 Oktoba 2026; mashine iwe kwenye 22H2 na uingie kwa akaunti ya Microsoft, kisha utafute "Enroll now" kwenye ukurasa wa Windows Update. Kuna njia ya bure ya kuhifadhi mipangilio yako kwenye akaunti hiyo, na ya kulipia dola 30.

Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot (ulinzi wakati wa kuwaka), na kwa Intel prosesa ya kizazi cha 8 kwenda mbele. Laptopu ya 2012 haimo. Njia za kuilazimisha zipo, lakini toleo la 24H2 haliwaki kabisa kwenye prosesa za zamani kama Core 2 Duo, na hata panapowaka hakuna ahadi kwamba masasisho yataendelea kuja. Kwa mtu wa Word, intaneti na YouTube, mimi huweka Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows. Baada ya wiki moja ya kunung'unika hawarudi.

Mengine ya kukabidhi kwa fundi moja kwa moja

Betri imevimba, kibodi au sehemu ya panya imenyanyuka: zima, chomoa chaja, usiibonyeze wala kuitoboa, inaweza kulipuka moto. Harufu ya kuungua. Kusasisha BIOS kwenye mashine isiyo na betri nzima, maana umeme ukikata hapo bodi inaweza isiwake tena.

Ukija, njoo na picha ya namba ya kosa, jina la modeli, nywila ya kufungulia, na maelezo ya ulichokwisha kujaribu hata kama unaona aibu. Na chaja. Tafadhali, njoo na chaja yake.